Malalamiko ya Mwalimu Ndirangu

Mwalimu Ndirangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mlalamishi tu, na kwao Othaya kulalamika si kosa, ni namna ya kuamkiana. Mtu akikuuliza hali, unamwambia mvua imezidi, viazi vimeoza na goti linauma, naye anakujibu kwa ya kwake, kisha mnaagana mkiwa mmeridhika kabisa. Hakuna anayetarajiwa kwenda kukutafutia goti jipya. Basi alipohamishiwa Garissa, wakati wa vita vya shifta, waasi waliotaka jimbo hilo litengwe na Kenya, barabara ikitegwa mabomu na malori yakisafiri kwa msafara wa askari, alibeba sanduku la nguo, Biblia, na tabia hiyo.

Na Garissa ilimpa la kusema. Maji ya mto Tana yalikuwa na rangi ya chai kabla hata hayajatiwa majani. Kabichi ilikuwa hadithi. Wenyeji waliposema Kenya, walimaanisha huko alikotoka yeye, kana kwamba ni nchi nyingine. Gazeti lilifika habari zake zikiwa zimeshachacha. Saa ya kafyu ikigonga, mji mzima uliingia ndani kama kuku, joto likabaki nje likizunguka peke yake, kisha nalo likaingia.

Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa maafisa wa usalama, kwa hiyo ofisi ya elimu ikampeleka kwa Mzee Kerrow, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa na chumba kitupu uani kwake. Ndirangu alidhani ofisi inalipa kodi. Ofisi ilidhani Ndirangu analipa. Mzee Kerrow hakudhani lolote; kwake, mtu aliyeletwa mlangoni na mzigo wake ni marti, yaani mgeni, na mgeni halipi. Kwa kuwa kila mmoja aliona jambo limekaa sawa, hakuna aliyeuliza.

"Umeamka fizuri, mwalim?" Mzee Kerrow alimuuliza asubuhi ya kwanza, p akiitamka b na v akiitamka f. Alikuwa mtu mrefu, ndevu zimepakwa hina, kikoi safi, fimbo mkononi.

"Ah, nimeamka hivyo hivyo, mzee. Nimelala juu ya mkeka mpaka mbavu zimeniandikia barua. Nyinyi hamjui vitanda huku?"

Ndirangu alicheka. Mzee Kerrow hakucheka. Alimtazama mgeni wake kwa makini, kama mtu anayepokea habari ya msiba.

"Bole sana," alisema.

Ndirangu aliporudi kutoka shuleni alikuta kitanda chumbani, kitanda cha miti kilichosukwa kwa ngozi, kimetandikwa shuka. Akakilalia, akanyoosha miguu, akajiambia kwamba ofisi, pamoja na uzembe wake wote, si mbaya sana.

Wiki iliyofuata alilalamika kuhusu maji. Alisema kwao Othaya maji ya mferejini yanauma meno kwa baridi, lakini haya ya huku unayanywa na kiu inabaki pale pale ilipokuwa. Jioni yake akaona mtungi mlangoni pake, umefungwa gunia bichi, maji yake baridi. Baada ya hapo alilalamika kuhusu chai. Alisema turungi ni chai ya wagonjwa, na mtu mzima akinywa chai bila maziwa anafundisha hesabu vibaya. Hiyo alikusudia iwe mzaha. Kesho yake palikuwa na mbuzi amefungwa kando ya mlango wake, mbuzi jike mwenye masikio ya kahawia na kiwele kilichojaa, na Kinsi, mkwe wa Mzee Kerrow, alikuwa amechuchumaa akimkamua.

"Huyu ni wa nani?" Ndirangu aliuliza.

"Yako, mwalim. Baba amekuba mbele ya wazee."

"Yangu? Ya kukamuliwa?"

"Ya kukamuliwa. Mimi nakamua, wewe nakunywa."

Ndirangu akashukuru, kisha akaonja na kusema maziwa yananuka moshi. Kwa bahati nzuri wakati huo Kinsi alikuwa ameshaondoka.

Hivyo ndivyo Garissa ilivyozidi kuwa nzuri siku hadi siku, na mwalimu akaanza kuwaandikia watu wa kwao kwamba mtu akijua kujipanga, hata huku anaishi. Kwamba Maka, mama yake Mzee Kerrow, kikongwe asiyenyooka mgongo, alikuwa sasa akilala chini kwenye mkeka, hakuliona, kwa sababu hakuwahi kuona alikokuwa akilala kabla ya hapo. Wala hakujua mtungi ule ulikuwa umetoka kwenye kivuli cha nani.

* * *

Kisha ikaja asubuhi ya msako.

Amri ilisema mifugo yote ya wenyeji ikusanywe kwenye boma la serikali, ihesabiwe, ili shifta wasipate pa kula. Wanaume wa mtaa ule walitolewa majumbani wakachuchumalishwa barabarani, mikono kichwani. Mzee Kerrow alichuchumaa katikati yao, kikoi chake kikiburuzika vumbini, fimbo yake imetupwa kando. Hina ya ndevu zake ilionekana nyekundu mno juani. Mwanawe Rage, mume wa Kinsi, hakuwepo. Alikuwa na ngamia wa nyumba hiyo upande wa Ijara, na tangu watu wakatazwe kutembea ovyo hakuna aliyejua kama yu hai.

Ndirangu alisimama mlangoni pake na kikombe cha chai mkononi. Hakujua akiweke wapi. Kukiweka chini kungekuwa kama kusema jambo, na kuendelea kukishika kulikuwa kama kusema jambo jingine.

Askari waliingia uani wakawaswaga mbuzi wote wa Mzee Kerrow kwenda nje. Mmoja wao akafika kwenye mbuzi mwenye masikio ya kahawia.

"Huyu je?"

"Wangu," alisema Ndirangu.

Askari alimtazama vizuri, akatabasamu, akamsalimia kwa Kikuyu. Alikuwa mtu wa Mukurweini, karibu kabisa na kwao. Akamuuliza jinsi anavyovumilia jua hili na watu hawa, akamwambia mbuzi wake akae, hakuna shida.

"Wewe kunywa chai yako, mwalimu. Itapoa."

Naye akanywa. Ilikuwa chai nzuri, yenye maziwa mengi. Enzi za dharura, chini ya mkoloni, yeye mwenyewe alikuwa kijana wa kaptura, shuleni bado, pale yeye na mama yake walipochuchumaa kwenye tope la kijiji chao kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, mikono kichwani vivyo hivyo, na bwana afisa mzungu akamimina chai yake kutoka kwenye thamosi bila haraka. Kijana yule aliichukia ile chai kuliko alivyoichukia bunduki. Ndirangu aliyakumbuka hayo vizuri sana, kisha akajiambia kwamba yale yalikuwa mambo mengine. Mtu akiwa ameshika kikombe, mambo huwa mengine kwa urahisi.

Mbuzi hawakurudi. Kila asubuhi Mzee Kerrow alikwenda bomani kuulizia, na kila asubuhi aliambiwa achuchumae kwanza ndipo aulize, na akishauliza aambiwe kesho. Alirudi akipangusa magoti. Mgeni wake akimuuliza habari, alijibu, "Nzuri, alhamdulillahi," na kumuuliza yeye kama amelala vizuri.

* * *

Ndirangu hakuwa amelala vizuri. Mjukuu wa nyumba, mtoto mchanga wa Kinsi aliyeitwa Nuh, alikuwa analia. Alianza kulia siku chache baada ya msako na tangu hapo hakujua kuacha. Kilikuwa kilio chembamba, cha kuchosha, kinachokatika na kuanza tena pale tu unapofumba macho.

"Mzee," Ndirangu alisema siku moja wakitoka kunawa, "huyu kijana wako ana sauti. Jana sikufumba jicho. Leo nimesimama mbele ya darasa nikasahau jedwali la saba."

Alisema kama wanavyosema watu wa kwao: kusema tu. Hata alikuwa akitabasamu. Mzee Kerrow aliinamisha kichwa.

"Tusamehe, mwalim."

Usiku ule nyumba ilikuwa kimya. Na uliofuata vivyo hivyo. Ndirangu alilala kama gogo juu ya kitanda cha ngozi, akaamka na moyo mwepesi, akanywa kikombe chake chote mpaka chini. Siku hizi alikuwa ameshauzoea ule moshi. Kwa kweli alikuwa ameanza kuupenda, na alimwambia Kinsi hivyo. Kinsi akachukua kikombe, akakichungulia ndani, akaondoka nacho.

Labda angeishi na raha hiyo mpaka likizo, kama asingetoka shuleni mapema siku moja ya jua kali na kukutana na Kinsi njiani, nyuma ya msikiti, akitembea haraka na shela lake limebanwa mdomoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kinsi, kuna nini? Unatoka wapi?"

"Kwa habaryar Zeinab. Mama yangu mdogo." Alitaka kupita.

"Kuna mgonjwa?"

"Nuh iko kule."

"Kwa nini yuko kule?"

Kinsi alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo mwalimu mwenyewe ameshalijibu ubaoni.

"Wewe si ulisema nalia?"

Ndirangu alisogea kando. Punda wa maji walipita, akawangoja wapite.

"Nilisema tu," alisema. "Nilikuwa nasema tu, Kinsi. Mtoto ni mtoto. Analilia nini lakini? Anaumwa?"

"Haumwi. Nalia maziwa. Mimi nilishikwa na homa, maziwa yangu ikakauka. Zamani nilimba ya mbuzi. Sasa mbuzi imeenda."

"Lakini mbuzi si yuko! Yule wa pale mlangoni."

"Ile ni yako."

"Ni wangu, ndiyo, lakini si unamkamua wewe mwenyewe? Si ungetoa kidogo…"

"Maziwa ya marti?" Kinsi alisema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza palikuwa na hasira ndani yake, hasira ya mtu aliyetukaniwa nyumba yake. "Sisi si wezi, mwalim. Kiangazi mbuzi natoa kikombe moja tu. Ukibakisha, nachukua ile umebakisha nambelekea Nuh. Siku hizi unamaliza."

Alipita akaenda zake. Ndirangu alibaki jua kali likimpiga utosini, mtu mzima, mwenye cheti cha ualimu, na aibu ilimshika mpaka akahisi baridi. Alikuwa amekunywa mpaka chini. Alikuwa hata amesifia.

* * *

Alimkuta Mzee Kerrow uani, ameketi kwenye kipande cha kivuli kilichobaki kando ya ukuta. Alimfungua mbuzi, akamvuta kwa kamba mpaka mbele ya mzee, akasema maneno aliyokuwa ameyapanga njiani.

"Mzee, mchukue mbuzi wako. Mimi sijui mambo yenu, sikujua. Mtoto arudi leo, anywe."

Mzee Kerrow hakuigusa kamba. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mzee. Mimi ndiye…"

"Mtu narudisha mbuzi ya mwenyeji, amechukia nyumba. Ametukanwa, amenyimwa chakula, ameona kitu mbaya. Wewe umeona nini kwangu?"

"Sijaona kitu."

"Nilikuba mbele ya wazee. Kesho wazee wataniuliza, Kerrow, marti yako amekosa nini? Nitasema njaa imeingia kwangu nikanyang'anya mgeni?" Akanyoosha kidole kuelekea bomani. "Na usisahau askari. Mbuzi ikilala mlango yako ni ya mwalim. Ikilala mlango yangu, asubuhi iko bomani. Funga mbuzi yako, mwalim. Usinitie aibu. Ile nabata kule inatosha."

Maka alikuwa akisikiliza kutoka kwenye mkeka wake. Mkeka ulikuwa juu ya ardhi tupu, mwembamba, umechakaa upande wa nyonga, na sasa Ndirangu aliuona. Akauona mgongo wa kikongwe. Akaona kando ya ukuta alama ya duara mchangani, mahali mtungi ulipokaa miaka mingi kabla haujahamia kwake. Kila kitu kizuri alichokuwa nacho kilikuwa na shimo lake mahali fulani katika ua huu.

"Hata kitanda," alisema.

"Kitanda imefanya nini?" Mzee Kerrow aliuliza haraka, akianza kuinuka. "Inauma?"

Ndirangu alimtazama mzee yule, njaa imemchonga mashavu, magoti bado na vumbi la bomani, akiinuka kwa sababu mgeni ametamka neno kitanda. Na hapo ndipo mwalimu alipofahamu kwamba katika nyumba hii hakuna kitu alichopewa kwa kushukuru, wala kwa kuomba. Vyote alivipata kwa mlango mmoja. Akarudi kumfunga mbuzi. Kisha akashika tumbo.

"Mzee," alisema, "nilikuwa naona haya kukwambia. Haya maziwa yananiua."

Mzee Kerrow alisimama tuli.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Sisi watu wa milimani tumbo letu halikuumbwa kwa mbuzi. Nakunywa, linanguruma darasani mpaka watoto wanacheka. Nimevumilia kwa adabu tu. Nikipewa tena kikombe kingine, nitakufa, na wewe utaulizwa na serikali."

Mzee alimtazama mgeni, akamtazama mbuzi, akaitazama ile nafasi kati yao wawili kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Bole sana," alisema mwishowe. "Hatukujua. Maziwa itamwagwa?"

"Msimwage! Harufu yake tu inanisumbua. Apewe mtu anywe, mbali na mimi. Mtu mdogo asiyenuka sana."

"Iko mtu mdogo," alisema Mzee Kerrow taratibu.

"Na jambo jingine. Hii nyumba imekuwa kimya mno. Kwetu tulilala wengi chumba kimoja, watoto wakilia kila upande. Kimya hiki kinanitia hofu, sipati usingizi kabisa."

Kinsi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Hakungoja kuambiwa. Alijifunga shela akatoka karibu mbio, jua likiwa bado juu.

Ndirangu sasa alikuwa amenogewa. Alilaani kitanda: kinamwinua mno, anaota anaanguka, mtu aliyelala chini enzi za dharura hawezi kuzoea anasa za kijinga. Alilaani mtungi: maji baridi yanamtia kikohozi. Alilalamika kama ambavyo hajawahi kulalamika maishani mwake, kwa ufasaha, kwa mifano, akizunguka ua na kunyoosha kidole, na Mzee Kerrow akamfuata nyuma akisema pole, pole, mpaka Maka akaanza kucheka pale mkekani. Alicheka bila meno na bila sauti, mabega yakitikisika, akasema kitu kwa Kisomali.

"Hooyo, mama yangu, anasema," Mzee Kerrow alitafsiri, bila hata kutabasamu, "tangu azaliwe hajaona mtu wa Kenya nalalamika fizuri kama wewe."

Jioni ile Nuh alirudi, mbuzi akakamuliwa, mtoto akanywa, akalia kwa shibe, kilio kipana cha mtoto mwenye haki yake. Ndirangu alikisikiliza akiwa amelala chini, mbavu zikimuuma kweli kweli, na hakumwambia mtu yeyote.

* * *

Muhula uliofuata aliletwa mwalimu wa pili. Aliitwa Muriuki, kijana wa Kirinyaga, nywele amezichana njia, na kwa kuwa nyumba za walimu zilikuwa bado zimejaa, ofisi ikampeleka kwa Mzee Kerrow. Ng'ombe na mbuzi wa mtaa walikuwa hawajarudi. Rage pia. Nuh alikuwa ameanza kukaa mwenyewe, mashavu yamejaa, na mbuzi mwenye masikio ya kahawia alikuwa bado amefungwa mlangoni kwa mwalimu, mali halali ya mwalimu, ambaye eti anamchukia sana.

Muriuki aliweka sanduku lake chini, akajipepea kwa kofia, akapokea kikombe cha chai kutoka kwa Kinsi, akachungulia ndani.

"Turungi!" alisema kwa sauti, akicheka kwa wema, kumchangamkia mwenyeji. "Jamani, mzee, hata tone la maziwa hakuna? Na ile ni mbuzi naona pale?"

Mzee Kerrow alikuwa ameshaanza kuinuka. Kinsi alikuwa amemshika Nuh kifuani, na mkono wake ukakaza.

"Hanywi maziwa!" Ndirangu alipiga kelele, akaruka kutoka kwenye mkeka wake hata akamwaga chai ya kwake. "Mzee, kaa! Anatania. Kwao ni mwiko. Wakinywa wanavimba."

"Mimi? Wapi?" alisema Muriuki. "Mimi nanywa maziwa tangu…"

Ndirangu alimkanyaga mguu kwa kiatu. "Anavimba," alisema. "Halali kitandani pia. Wala hapendi maji baridi. Na watoto wakinyamaza anaugua."

Muriuki alimtazama mwalimu mwenzake, kisha mbuzi, kisha kikongwe aliyekuwa anatikisika mabega juu ya kitanda cha ngozi.

Mzee Kerrow alirudi kuketi polepole. Alimtazama kijana yule mgeni kuanzia nywele hadi viatu, macho yamejaa huruma, akatikisa kichwa.

"Maziwa habana, kitanda habana, maji baridi habana," alisema. "Wallahi, bole sana. Sasa huko Kenya nyinyi naishi fibi?"